Barnaba Bila Pesa na Mahari ya Nafula

Barnaba Makhanu hashiki pesa. Si maneno ya mafumbo hayo, hashiki kabisa. Ukimnyooshea noti anaficha mikono nyuma ya mgongo, kisha anakuuliza kama huna kitu kingine. Watu wa soko la Matete wameshamzoea. Wanamwita Bila Pesa machoni pake, naye anaitika bila kinyongo, kwa kuwa ndilo jina ambalo angejichagulia mwenyewe kama mama yake angemuuliza.

Msidhani alizaliwa hivyo. Ujanani alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha sukari, kule chini kwenye nchi ya miwa, na mshahara wake aliupokea kwa mikono yote miwili. Trekta ikiingia na mzigo, yeye ndiye aliyesoma uzito. Alivaa shati jeupe, na wakulima walimwamkia kabla hajawaamkia. Kisha kiwanda kikaanza kuyumba, jinsi viwanda vinavyoyumbaga: mwezi huu mishahara imechelewa, mwezi ujao mkubwa amebadilishwa, na siku moja unaamka huoni moshi. Barnaba akabaki langoni na wenzake wakidai malimbikizo yao.

Ni pale langoni alipoona jambo lililomgeuza kichwa. Miwa ilikuwa imesimama shambani mpaka ikatoa maua. Wakataji walikuwa wameketi kando ya barabara na mapanga yao. Mashine zilikuwa ndani, mafundi wake wako nje ya ua, na nyumbani watoto walikuwa wanakunywa chai kavu. Kila kitu kipo, Barnaba akajiambia, isipokuwa karatasi. Sasa nani alisema karatasi ndiyo iliyokuwa ikikata miwa?

Swali hilo likamnyima raha. Alirudi Lugari, jirani na soko la Matete, kwenye shamba la baba yake, zile ekari chache ambazo mzee alizipata wazungu walipoondoka, akakalia meza ya chakula akiandika mpaka familia ikazoea kula na sahani magotini. Kitabu kikatoka. Kinaitwa Mikono Inatosha. Ndani yake Barnaba anaeleza jinsi watu wanavyoweza kuishi bila pesa hata kidogo: ajuaye kulima alime, ajuaye kutibu atibu, kila mtu achote ghalani kinachomtosha, na mvivu aachiwe aibu yake imfundishe. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba kazi ya mtu mmoja ni mzigo, lakini kazi hiyo hiyo ikishikwa na watu wengi ni sherehe. Maneno hayo aliyapenda sana. Aliyasema kanisani, akayasema kwenye redio, akayasema hata msibani ambapo hakuombwa.

Aliyekichapisha ni Griffin, kijana wa Shieywe mwenye duka la kuchapisha pale mjini Kakamega. Griffin alimweleza kwa adabu kwamba wino haununuliwi kwa mahindi. Barnaba akampelekea mahindi hata hivyo, gunia juu ya gunia, na jogoo juu yake. Griffin akayauza mahindi, akanunua wino. Kwa hiyo pesa iliingia katika kile kitabu, na Barnaba anajua, ila ukimtajia atakukumbusha kwamba yeye hakuwepo.

Kitabu chenyewe hakina bei. Ukikitaka unaleta mpini wa jembe, au unamlimia asubuhi moja, au unaleta kuku. Wengi huleta kuku. Wanafunzi wa chuo cha kilimo cha Bukura walikuwa wakija na kuku kwapani, wanaketi uani wanamsikiliza mpaka jua linageuka, na wakiondoka wanasema mzee huyu angezaliwa ng'ambo angekuwa na sanamu.

Sasa tuje kwenye chumvi. Chumvi haioti Lugari. Sabuni haioti, kiberiti hakioti, na karo ya shule ndiyo haioti kabisa. Aliyekuwa akivileta vitu hivyo ni mkewe, Nafula. Nafula ana ng'ombe wake wa maziwa na bustani ya sukuma wiki. Asubuhi anapeleka Matete, anauza, na simu yake ikilia mlio wa pesa kuingia Barnaba anainuka mezani kwenda kuangalia kama mvua inakuja. Mboga anazokula mtu huyu asiyeshika pesa zina chumvi ya pesa. Nafula hakuwahi kumcheka kwa hilo. Ni mwanamke wa maneno machache.

Lakini kulikuwa na jambo moja alilolingoja tangu alipoingia kwa Barnaba akiwa msichana, na pande zile hakuna asiyelijua. Barnaba hakuwahi kumtolea mahari. Si ng'ombe, si ndama, si hata kwato.

Kwanza alisema anajenga. Nyumba ikaisha. Kisha akasema anasomesha wadogo zake. Wakasoma, wakapata kazi, wakanenepa. Kisha kiwanda kikaacha kulipa, na hapo kweli alikuwa na sababu. Kisha akaandika kitabu, na sababu ikapata jalada. Ahadi ni deni, wanasema wazee, lakini Barnaba neno deni alikuwa amelipiga marufuku nyumbani kwake.

Basi huko Lwandeti, kwao Nafula, Barnaba akawa mkwe wa kando. Akienda huko hapati kiti, anaegemea mti. Kuku hachinjiwi, na kwa Waluhya mkwe asiyechinjiwa ingokho, yaani kuku wa heshima, ajue kwamba hajafika bado, hata kama amesimama uani. Anapewa chai na ndizi, anashukuru, anarudi kwake. Yeye alijiambia kuwa ni mila tu za watu wasiosoma. Kuku alikuwa nao wengi nyumbani.

Mambo yangeendelea hivyo mpaka kaburini kama Nanjala, binti yao, hangeleta mchumba. Nanjala alisomea kilimo Bukura, na huko ndiko alikokutana na Kipngetich, kijana mtaratibu kutoka upande wa Turbo, nyumba ya ng'ombe wengi. Watu wa Kipngetich wakatuma habari kwamba wanakuja kuzungumza. Nafula akapaka nyumba rangi. Akamwita kaka yake Wangila kutoka Lwandeti, kwa kuwa mambo ya binti hayazungumzwi bila khocha wake, yaani mjomba. Barnaba naye akajiandaa kwa njia yake: akaandika hotuba.

Wageni wakaja, wakiongozwa na shangazi yake Kipngetich, mama mmoja mrefu aitwaye Chepng'etich, ambaye alisikiliza maombi, akasikiliza salamu, kisha akauliza kwa utaratibu wenyeji wanataka nini. Barnaba akasimama. Siku hiyo aliingoja kwa miaka mingi. Aliona mbele yake ukurasa wa kitabu ukigeuka kuwa watu.

"Mmekuja kuniuliza nataka nini," akasema. "Sitaki kitu. Si shilingi, si ng'ombe, si blanketi. Binti yangu si bidhaa. Mchukueni, mkae naye vizuri, na sisi tutakuwa ndugu. Basi."

Alitegemea makofi, au angalau amina. Kipngetich aliangalia viatu vyake. Chepng'etich akaweka kikombe mezani.

"Mzee, tumesikia," akasema. "Ni maneno mazuri. Lakini kwetu mtu akikupa ng'ombe bure, unamuuliza anakohoa tangu lini. Sisemi msichana ni ng'ombe. Nasema tumekuja na heshima yetu mkononi, na hapa imekosa pa kuwekwa. Turuhusu twende tukaongee nyumbani."

Wakaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Kuku waliochinjwa, na wengi wao walikuwa kuku wa vitabu, wakabaki kwenye sufuria. Nanjala alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na gauni lake jipya. Aliwaangalia wageni mpaka gari likapotea, ndipo akamgeukia baba yake.

"Baba, kitabu chako unakitoa kwa kuku," akasema. "Mimi umenitoa kwa nini?"

Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wangila alibaki kitini. Ni mtu wa miwa, mnene, mpole, na hana haraka. Alimaliza soda yake.

"Mulamwa," akasema, kwa kuwa huko ndivyo mashemeji wanavyoitana, "umeongea vizuri. Lakini wale hawakusikia kitabu. Wamesikia mtu anayekimbia. Unajua mila. Baba ambaye hajatoa ng'ombe za mama, hawezi kula za binti. Ungezikubali leo, zingepita hapa kwako zikienda kwangu. Kila mtu anajua hivyo. Sasa wewe unasimama unasema huzitaki. Watu watasema nini?"

"Sikuwaza hayo hata kidogo," Barnaba akasema. "Naapa."

"Nakuamini. Nauliza tu. Ile siku uliacha kushika pesa, ulikuwa nazo?"

Wangila akachukua kofia yake, akamuaga dada yake, akaenda zake. Alimwacha shemeji yake na swali hilo, na ni swali baya kumwachia mwandishi.

Jioni hiyo Barnaba alizunguka shambani peke yake. Alikuwa na hasira, tena na watu wote: na Chepng'etich, na Wangila, na mila. Chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomsumbua. Kama imani yake ilikuwa ya kweli, ilikuwa ya kweli. Lakini mbona ilikuja saa ile ile ilipomfaa? Aliligeuza jambo hilo huku na huku mpaka akafika zizini, akamwona ng'ombe wa maziwa amesimama anatafuna. Ng'ombe si pesa, akajiambia. Kitabu hakijakataza ng'ombe. Akafungua kamba.

Nafula akatoka jikoni akifuta mikono.

"Unampeleka wapi?"

"Lwandeti. Kwenu. Nimekubali, Mama Nanjala. Nakutolea mahari."

Nafula akaja polepole, akaichukua ile kamba mkononi mwake, akaifunga tena mahali pake.

"Huyu nilimnunua na sukuma," akasema. "Unataka kunioa na ng'ombe wangu?"

Hilo nalo Barnaba hakuwa ameliwaza. Kichwa kikubwa kama kile, na hakikuona ng'ombe ni wa nani.

Nafula angeweza kuishia hapo. Kawaida yake huishia hapo. Lakini siku hiyo wageni walikuwa wameondoka bila kula, na binti yake alikuwa analia chumbani.

"Nikiendanga kwetu napita wapi?" akauliza. "Unajua? Napita jikoni. Hakuna aliyenikataza mlango wa mbele. Ni mimi tu, miguu inakataa. Dada zangu wakija wanaingia mbele, wanaketi, wanaletewa maji ya kunawa. Mimi naenda nyuma nasaidia kuosha vyombo kabla mtu hajaniuliza nimekuja kama nani. Mama alipokufa wakwe waliitwa kwa majina. Mimi nilisimama nikangoja jina lako, na nilijua halitaitwa, na bado nikangoja." Akaokota ndoo ya maziwa. "Mimi sitaki ng'ombe, Baba Nanjala. Ng'ombe ninaye. Nataka kuingia kwetu kwa mlango wa mbele. Fikiria utanifikishaje hapo na mikono yako inayotosha."

Barnaba aliumia. Si kuumia kwa kutukanwa, maana matusi alishayazoea. Aliumia kwa sababu mke wake alikisoma kitabu, na alikielewa.

Mvua za masika zilipoanza alikwenda Lwandeti. Alimkuta Wangila kando ya miwa yake, akamwambia wazi kwamba hana ng'ombe na pesa hazishiki, lakini mikono ipo, na amekuja kuuliza kama inaweza kumtolea dada yake mahari.

Wangila alicheka kwanza. Alicheka vizuri, mkono kwenye kiuno. "Mkono mtupu haulambwi, mulamwa."

"Hautakuwa mtupu. Utakuwa na jembe."

Kicheko kikaisha. Wangila akamwangalia mtu huyu mwenye mvi na miwani. Kisha akamwonyesha shamba la ng'ambo ya kijito. Miwa ilikuwa imekatwa, ikachipua upya, na magugu yakaipita kimo. Akamwonyesha pia mtamba mwekundu aliyefungwa karibu na nyumba, mwenye baka jeupe usoni.

"Palilia lile," akasema. "Uendelee nalo mpaka miwa ifunge kwa majani na magugu yafe yenyewe. Ukimaliza, yule ni wako, na akiwa wako utajua mwenyewe wa kumpelekea. Mmoja anatosha kufungua mlango. Hizo zingine zitafuata, mahari haiishangi. Lakini kibarua wa kukusaidia sikuwekei. Na chakula sikupi, maana mkwe ambaye hajatoa hapewi chakula hapa, unajua."

"Najua," Barnaba akasema.

Akaanza. Jembe si kalamu. Karani wa mizani alikuwa amepima miwa maisha yake yote ya kazi, lakini kuipalilia hakuwahi. Majani yake yalimkata mikono na masikio. Mgongo ulimgomea. Aliondoka Matete kukiwa na umande, akafika Lwandeti, akainama, na mchana alikula viazi vitamu vyake mwenyewe kando ya kijito, akitazama moshi wa jikoni ambako hakualikwa. Nafula ndiye aliyemfungia viazi hivyo. Alimfungia bila kusema neno, na kila siku Barnaba aliufungua mfuko akitafuta kama kuna dalili yoyote, akakuta viazi.

Watu walifurahi mno. Waliopita njiani walisimama kumsalimia mara mbili. "Mwandishi, leo kitabu kinaandikwa na jembe?" Wengine walisema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa anazaa dume. Mzee mmoja alitaka kujua kama sura inayofuata itamhusu nyoka. Barnaba aliwaitikia wote. Zamani angewajibu kwa hoja, lakini mtu aliyeinama hana pumzi ya hoja.

Habari zikafika Bukura. Siku moja akatokea Mukhwana, mmoja wa wale wanafunzi wa kuleta kuku, na nyuma yake kundi zima la vijana wenye majembe mabegani. Mukhwana alikuwa amewaka kwa furaha. Alipiga picha shamba, akampiga picha Barnaba.

"Mzee, huu ndio mfano tuliokuwa tunautafuta," akasema. "Kazi badala ya pesa, mbele ya macho ya watu. Sisi wote tumekuja. Kabla ya saa kumi hili shamba limeisha. Ukurasa wa kwanza, mzee. Sherehe."

Barnaba alinyooka polepole, mkono mgongoni. Akayatazama majembe yale. Kila neno la kijana lilikuwa lake mwenyewe, na lilikuwa la kweli. Shamba lingeisha jioni ile ile. Kazi iliyobaki ingekuwa kungoja miwa ifunge, naye angekwenda kulala. Mgongo wake ulisema kubali, na kitabu chake kikasema kubali, na kwa mara ya kwanza hao wawili walikuwa wamepatana.

"Asanteni," akasema. "Rudini tu."

Mukhwana alidhani hakusikia vizuri. "Siku hizi hata mahari watu wanafanya harambee, mzee."

"Wafanye. Mimi miaka hiyo yote nilikuwa na watu, nilikuwa na mshahara, nilikuwa na maneno, na sikumpa kitu. Hii nampa mwenyewe." Akainama tena. "Na hiyo picha ifute, kijana. Huu si mfano. Ni mke wangu."

Vijana waliondoka wamenuna. Mukhwana alisema njiani kwamba mzee amezeeka, amerudi kwenye mila na ubinafsi. Pengine kweli. Barnaba alipalilia mpaka jua likazama, na alipofika nyumbani alimweleza mkewe yaliyotokea kwa maneno mafupi, akatarajia kuambiwa ni mpumbavu. Nafula aliendelea kukoroga uji. Kesho yake mfuko ulikuwa na viazi na yai lililochemshwa.

Maneno hayana miguu lakini yanatembea, na yalitembea mpaka Turbo. Chepng'etich alimpigia Nafula simu. Alisema wamesikia kuna mzee huko anapalilia miwa ya shemeji yake kwa ajili ya mama aliyezeeka naye, na kwamba wameongea nyumbani, na wameona binti wa mzee kama huyo hakohoi. Watarudi, akasema, ila safari hii wapewe heshima ya kuombwa kitu. Nanjala alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akalia. Kisha akaenda kumtafutia baba yake glavu za shambani. Barnaba aliuliza zimenunuliwa au zimeazimwa. Nanjala akamwambia avae.

Miwa ikafunga. Ikawa ndefu na yenye giza ndani, hata ukitupa jiwe husikii lilipoangukia. Wangila alikuja akatembea mistari yote, akavuta jani hapa na pale, hakuona gugu la kumfanya aseme neno. Akamfungua mtamba mwekundu, akampa Barnaba kamba.

"Sasa umlete," akasema.

"Si huyu hapa?"

"Mulamwa, ng'ombe wa mahari anaingia kwa lango akitoka kwa mkwe. Huyu anatoka zizini kwangu. Mpeleke kwako alale, kesho umlete kama watu wanavyoletanga."

Basi Barnaba akamkokota mtamba mpaka Matete. Nafula alikuwa uani anaanua nguo. Alimwona ng'ombe, akamwona mtu aliyeshika kamba, amekonda, masikio yana makovu. Akashusha kapu. Akamzunguka yule mtamba polepole, akamshika nundu, akainama akamtazama chini, jinsi mtu wa maziwa anavyotazama.

"Chuchu ziko sawa," akasema. Akaenda kumletea majani, na akakaa huko nyuma muda mrefu kuliko majani yanavyohitaji.

Asubuhi walitoka pamoja. Nafula alivaa gauni lake la kanisani na kitambaa kipya cha kichwa. Barnaba alitangulia na kamba. Moyoni alikuwa na hotuba nyingine fupi, kuhusu tofauti kati ya ng'ombe na pesa: kwamba pesa haikujui, lakini ng'ombe anakujua. Aliiona ni hotuba nzuri na ya kumaliza maneno yote.

"Baba Nanjala," Nafula akasema nyuma yake, "kiwanda kingekulipa zile pesa zako zote, ungenileta?"

Hotuba ikamtoka kichwani. Wakati mwingine wowote angekuwa na majibu kadhaa, tena yenye mifano.

"Sijui," akasema.

"Hilo nalikubali," Nafula akasema. "Lingine lolote ningerudi nyumbani."

Wangila alikuwa langoni na wazee wake wawili, wote wamevaa makoti kana kwamba hawajui kilichokuwa kinakuja. Walimkagua mtamba kwa uso mkavu. Mmoja alisema mkia ni mfupi. Mwingine akauliza kama kwa huyo mkwe kuna majani, maana mbavu zinaonekana. Wangila mwenyewe, aliyemzalisha mama wa mtamba huyo kwa mikono yake, alitikisa kichwa akasema anaonekana mkali. Hapo mtamba akasikia sauti ya mama yake zizini. Akalia, akampokonya Barnaba kamba, akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye kigingi chake cha zamani, akasimama pale anangoja kufungwa. Wazee wote wakageuka kuangalia miwa.

"Amepokelewa," Wangila akasema.

Barnaba akakohoa, akajiweka sawa kuzungumza. Lakini Nafula alikuwa ameshaanza kutembea, na kitu kilichomfanya Barnaba anyamaze ni njia aliyoishika. Alikuwa anazunguka nyumba. Gauni la kanisani, kitambaa kipya, na miguu inampeleka jikoni.

"Nafula," Wangila akaita. "Huko unaenda kwa nani?"

Akasimama. Navalayo, mke wa Wangila, alikuwa kwenye mlango wa mbele, ameshika jagi la maji na beseni, na taulo begani. Nafula akautazama ule mlango wa nyumba aliyozaliwa ndani yake. Akarudi. Akapita mbele ya kaka yake, mbele ya wazee, mbele ya mumewe, akavua viatu kizingitini, akaingia.

Kutoka uani Barnaba alisikia kiti kikivutwa. Alisikia maji yakimiminwa, taratibu, ya mtu anayenawa bila haraka. Alibaki amesimama, hana kamba, hana hotuba, akingoja kuitwa kama mkwe yeyote. Harufu ya kuku ilikuwa imeshafika nje.

Kisha sauti ya Nafula ikasikika, kubwa kidogo kuliko kawaida yake, ikimwambia wifi yake kwamba leo yeye ni mgeni, haoshi kikombe hata kimoja, na chai yake aitie sukari nyingi.